Shukrani kwa bibi mwenye lenzi, soko la vitu vya kale, London

Bibi wa koti la kijani, jina lako silijui, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele za watu.

Muuzaji alinihimiza nilipe, akiapa kuwa ukurasa ule wenye picha za miji ya Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala umetoka katika atlasi ya miji ya Braun na Hogenberg, Köln, 1572. Bei nayo ilikuwa ya kitu halisi. Wewe ulikuwa mteja tu, tena mwenye haraka zako. Ukatoa lenzi mkobani, ukanionyesha kuwa rangi ni vitone vidogo vya mashine. Kurasa za zama zile zilipakwa rangi kwa mkono, na brashi haiachi vitone. Ukaniambia nipapase pembezoni: bamba la shaba la kuchapia likikandamizwa kwenye karatasi huacha ukingo uliobonyea. Palikuwa laini. Ukageuza karatasi: nyuma tupu, ilhali kurasa za atlasi ile zina maandishi. Kisha (hili ndilo lililonigusa zaidi) ukanipeleka meza ya pili, ukanishikisha karatasi ya zama zile ili vidole vyangu vijue tofauti.

Wakusanyaji mnaoijua kazi hii, mkimwona mgeni ameshafungua pochi, msipite kimya. Nawe bibi, ukurasa wenyewe bado nautafuta. Ukiuona kabla yangu, haya, ununue.