Mwenye jumba la Dunga atajwe kwa jina

Mhariri,

Ijumaa iliyopita niliteremka Dunga na wajukuu zangu wawili, nikawaingiza kwenye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja. Hata hatujafika kisimani, mdogo akaniuliza, "Bibi, watumwa walifukiwa wapi?" Ameshasikia kwamba msingi wa jumba hilo ulikandwa kwa damu za watu. Hata mimi nilisimuliwa hayo utotoni, na jua likizama hakuna aliyethubutu kupita hapo.

Sigombani na masimulizi ya wazee. Kinachoniuma ni mtoto kuijua damu asimjue mwenye nyumba. Ni Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, aliyeijenga kati ya 1846 na 1856, ghorofa ya mawe na chokaa huku shamba, njia ya Chwaka. Wakati huo Seyyid Said, Sultani wa Oman, ameshahamishia makao yake Unguja na mikarafuu inazidi kuenea upande wa magharibi, kwenye udongo mzuri. Wahadimu, wenyeji wa asili wa kisiwa, wakabakia mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe, na mkubwa wao alikaa hapa Dunga. Ukisimama kwenye ngazi zilizosalia utaona kwamba aliyejenga vile hakuwa mtu wa kujificha.

Muhammad alifariki 1865. Mwanawe Ahmed alifariki 1873, na baada yake hakukuwa tena na Mwinyi Mkuu. Ngoma na siwa, yaani pembe kubwa za kupulizwa, za utawala wao zimehifadhiwa makumbusho mjini. Bibi yangu akisema ngoma zile zililia zenyewe balaa likikaribia, na alipokuwa akisema hivyo alishusha sauti.

Nimesomesha miaka 31, na nakiri kwamba darasani kwangu Mtoni na Maruhubi, majumba ya masultani, zilitajwa kila mwaka, Dunga mara chache mno. Kwa hiyo naanza na walimu wenzangu, halafu watembeza wageni: tajeni jina la mwenye jumba kwanza, damu ije baadaye. Na wanaohusika na mambo ya kale nawaomba picha kubwa ya zile ngoma na siwa iwekwe hapo hapo Dunga, mtoto aone kilichokuwa kikilia ndani ya kuta hizo.

Tulipokuwa tukingoja gari nilimtajia mdogo majina yale mawili. Muhammad amemshika. Ahmed alishamsahau kabla hatujafika nyumbani, kwa hivyo Ijumaa ijayo tunarudi.

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Kati, Unguja