Wifi, hivi ndivyo vitabu vya likizo yenu

Wifi yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Huku ni kipupwe, kusi inavuma usiku kucha na watoto wanagombania shuka. Nyinyi ndiyo kwanza mko kiangazini.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Unasema Hamburg shule zimefungwa, mmepata wiki tatu za kupumzika pamoja, watoto wanataka cha kusoma, na wewe mwenyewe tangu umzae huyu wa mwisho hujamaliza kitabu hata kimoja. Ukaniuliza nikutumie vya watoto au vya wakubwa. Jibu lilipokuwa refu nikaona niliandike, tena niliache wazi, maana wenye swali kama lako huko ughaibuni ni wengi.

Wifi, usitenge vya watoto kando na vya wakubwa kando. Wiki tatu ni chache, na jioni utakuwa umechoka. Kuna riwaya za watoto ambazo mtu mzima akizishika haziachi, na hizo ndizo ninazokutumia.

Chukua Kisiwa chenye Hazina. Agosti 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa likizoni Braemar, Uskoti, na mvua ikawafungia ndani. Mtoto wa mkewe, Lloyd, mwenye miaka 13, alikuwa akichora na kupaka rangi kupitisha siku. Stevenson naye akachora ramani ya kisiwa, na ile ramani ikazaa hadithi, akawa anaandika na kuwasomea wa nyumbani. Aliyekolewa sana ni baba yake, mzee mzima, mhandisi wa minara ya taa. Alikaa chini akaorodhesha vitu vyote vilivyomo kwenye sanduku la nahodha mlevi wa hadithini, na mwanawe akaifuata orodha ile kama ilivyo. Mtoto, baba na babu, wote kwenye kitabu kimoja. Kwa Kiswahili tunacho tangu 1929, kwa kalamu ya Frederick Johnson. Nakala yangu imechakaa, mgongo wake nimeushika kwa gamu, itunzeni. Mkifika pale Jim, kijana anayesimulia hadithi, amejikunyata ndani ya pipa la matufaha, anamsikia Silver, yule mpishi wa mguu mmoja aliyempenda, akipanga kuua watu, watoto wataziba midomo kwa hofu. Wewe utamfikiria mtu uliyemwamini.

Lakini nataka muanze na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mtu wetu wa hapa hapa Tanga, kilichotoka 1952. Nilikisoma darasa la sita nikabaki na manyani tu kichwani. Mwezi uliopita umeme ulikatika, nikamsomea binti yangu kwa tochi ya simu. Tukafika pale Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anapochungulia usiku nyumbani kwa liwali Adili. Liwali anawachapa manyani wawili mijeledi. Kisha anauweka mjeledi chini, analia, anawafuta machozi, anawalisha. Binti akaniuliza, "Mama, kama anawaonea huruma si aache tu kuwapiga?"

Sikuwa na jibu. Nilizima tochi nikisingizia chaji.

Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini. Aliyewageuza ni Huria, binti wa kijini, na yeye ndiye aliyeamuru wapigwe kila usiku. Shaaban Robert amewapa majina yasiyoficha kitu, kwa hiyo mtoto hapati taabu kujua nani mbaya. Anayepata taabu ni mkubwa, kwa sababu anamwona Adili anashindwa kuwachukia. Nami wifi, unayajua ya nyumba ya marehemu baba kule Ngamiani. Miaka miwili mimi na mumeo hatukupigiana simu. Kila usiku nilikuwa na mjeledi wangu: nalala nahesabu alivyonikosea, moja baada ya jingine, nikimaliza nalia. Namshukuru Mungu yamekwisha. Ila darasa la sita nisingeweza kukielewa kitabu hiki hata ningefundishwa mwaka mzima. Mwisho wake sikwambii.

Watoto wako Kiswahili wanachokijua ni cha vaa viatu na njoo ule. Maneno ya Shaaban Robert yatawasimamisha. Msiyaruke. Nipigieni, saa yoyote, hata kwa neno moja.

Kwa yule mdogo nimeweka Mwana Mdogo wa Mfalme, cha Antoine de Saint-Exupéry, tafsiri ya Philipp Kruse na Walter Bgoya iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Kwa Kijerumani mtakipata maktaba yoyote, mnaweza kuviweka sambamba. Mchoro wa kwanza waonyeshe watoto, wewe ukae kimya. Wakubwa huona kofia, kumbe ni chatu aliyemmeza tembo. Pale mbweha anapomweleza mwana wa mfalme maana ya kumzoea mwenzio, soma polepole. Mimi hapo sauti hunikauka kila mara.

Wakishalala, wewe una viwili. Siku Njema cha Ken Walibora, cha 1996: mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anaondoka hapa Tanga kwenda kumtafuta baba yake hadi Kitale. Wakenya wengi walikisoma shuleni, na ukimtaja Kongowea Mswahili, ndiye mtoto huyo, mbele yao utaona sura zinavyochangamka. Kingine ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum, Unguja ya zamani kabisa. Hicho ni cha ufukweni, hakitaki akili nyingi, kinataka tu usikiache kabla ya muuaji kujulikana.

Furushi nimempa jirani anayesafiri Jumamosi. Cha Adili nimekiweka juu kabisa, na kwenye ukurasa wa Ikibali nimeacha kipande cha kanga ya mama kiwe alama. Sura hiyo usiisome wewe, mwachie mumeo awasomee. Ndiye aliyekuwa akimsomea baba gazeti kila jioni barazani, na hapa nyumbani hajapatikana mwingine mwenye sauti ile.

Waambie watoto shangazi yao anawasalimu.

Wifi yako,
Tanga