Kipimo cha vidole kizingatie mikono ya wazee wetu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu kipimo cha vidole, ambapo mzee hugonganisha kidole gumba na cha shahada upesi kadiri awezavyo ili kusaidia kutambua dalili za kupungua kwa uwezo wa akili. Nakiunga mkono, kwa kuwa hakihitaji elimu ya darasani. Kipimo maarufu cha akili cha MMSE, cha mwaka 1975, humtaka mtu aandike sentensi na kutoa saba saba kuanzia 100. Bibi yangu, ambaye hakusoma, angekishindwa akili zake zikiwa timamu kabisa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliliona hilo. Kipimo chao cha akili, IDEA, hutumia hata njiti za kiberiti, ambazo mzee huzipanga kwa kuiga mfano.

Lakini mkono ulioshika jembe miaka hamsini hukakamaa, na baridi yabisi hupunguza kasi ya vidole. Wizara ya Afya, kabla ya kukipeleka kipimo cha vidole kwenye dirisha la wazee, ipime kwanza wakulima na wavuvi wazee wenye afya njema ili tuwe na viwango vyetu. Na muuguzi asiache kumuuliza anayeishi na mzee: je, siku hizi mzee hupotea njia ya kurudi nyumbani?

Msomaji wenu,
Moshi