Gari unayoiulizia ina kesi

Stendi ya Kyela, Jumapili jioni

Baba Tumaini, kamwene.

Barua yako niliipata Ijumaa kwa mkono wa konda wa basi la Iringa, imekunjwa kama hirizi. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa na njaa na ya pili nimeshiba, jibu halikubadilika. Ningekupigia, lakini haya si ya kuongea kwenye foleni wapiga debe wamekuzunguka, na meseji ndefu wewe huzimalizi, nakujua. Niko zamu ya tano kupakia, kwa hiyo nina muda.

Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Asubuhi nimeondoka Uyole majani yamekuwa meupe kwa baridi, sasa hivi niko Kyela nimevua shati. Ndiyo ruti yenyewe, unaishi majira yote ndani ya siku moja.

Unauliza kama ni kweli Mama, yule tajiri wetu mwenye magari, ana Kosta ya pili imesimama haina dereva, na kama naweza kukuombea. Imesimama kweli. Iko nyuma ya nyumba yake, kuku wanataga chini ya siti ya nyuma. Lakini kabla sijafungua mdomo kukuombea, ujue kwanza kwa nini imesimama.

Ulipomwacha Mama mwaka 2019 mambo yalikuwa na utaratibu kidogo. Unakumbuka mlikuwa mnalala mapema. Siku hizi hesabu tunayompelekea ni 150,000 kwa siku, iwe mvua iwe jua. Mafuta juu yetu, ushuru wa stendi juu yetu, kuosha gari juu yetu, pancha juu yetu. Trafiki akikuandikia ile 30,000, ni yako hata kama kosa ni taa ambayo ulimwambia Mama wiki mbili nyuma kwamba imekufa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mnagawana wewe na konda. Kuna siku kinabaki cha kununulia nyama, na kuna siku mnatazamana tu. Usipotimiza hesabu leo, kesho unaanza na deni. Mwezi wa nne nilifikisha deni la 85,000 nikiwa nafanya kazi kila siku. Kila siku, Baba Tumaini! Mtu haumwi, halewi, halali, na bado anadaiwa na kazi yake.

Na saa zimeongezeka. Tangu mabasi makubwa yaruhusiwe kutembea usiku, ile Oktoba ya 2023, abiria wa Kyela na Tukuyu wanashushwa Mbeya alfajiri wamejikunyata na mabegi, na kila tajiri anataka gari lake ndilo liwakute. Zamani gari la kwanza lilikuwa la kwanza kweli. Sasa saa 10 alfajiri stendi imejaa. Jioni nako hatutoki mapema, maana ile barabara ya njia nne wanayojenga kutoka Nsalaga mpaka Ifisi imetuvuruga mjini. Ni kilomita 29 tu, lakini ukiingia kwenye vumbi lile kuanzia Uyole saa ya watu kutoka kazini, mara abiria anashuka anatembea anakuacha. Ikikamilika itatusaidia sana, silaumu. Ila kwenye daftari la Mama hakuna mstari wa foleni.

Nimekuwa naandika. Hili hata mke wangu amelijua juzi. Nilinunua daftari dogo la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma, nikawa naandika saa ninayowasha gari na saa ninayokabidhi funguo. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kujua kama nachoka kwa uvivu au kwa haki. Wiki ya mwisho ya Mei, siku 7, imetoka saa 103. Nikajumlisha tena, nikampa na konda ajumlishe, maana yeye ni kidato cha nne. Ni 103.

Sasa sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zikizidi ni ovataimu, unalipwa mara moja na nusu, na ovataimu yenyewe isivuke saa 50 ndani ya wiki nne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi ndani ya wiki moja nilikuwa nimeshavuka za mwezi mzima. Nilipomwonyesha Mama alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Baba, ovataimu ni ya wenye ofisi. Wewe ukizidisha tripu si unakula mwenyewe?"

Usidhani namchukia. Naye ana mkopo benki, na tarehe ya marejesho ikikaribia unamwona anatembea uani ameshika simu, hapigi. Bima, leseni ya LATRA, tairi, vyote ni vyake. Ukikaa sebuleni kwake usiku ukamtazama anavyohesabu, analamba kidole, anazipanga noti za elfu kumi peke yake, za elfu tano peke yake, za elfu moja zilizochakaa anazinyoosha gotini, unamwonea huruma. Halafu anafika mwisho anasema, "Imepungua elfu mbili," na huruma inaisha palepale. Benki inamkaba, anatukaba, sisi tunambana abiria na tunaubana usingizi. Abiria anaweza kushuka akapanda bajaji. Usingizi ndio hauna pa kwenda.

Nikwambie la Kiwira, ila usimsimulie shemeji, wanawake wanapigiana simu. Ilikuwa tripu ya mwisho kupandisha, mwezi wa tano mwanzoni. Nakumbuka nimetoka Tukuyu, ukungu umeshuka. Nakumbuka konda amenipa kipande cha muwa nitafune, ndiyo dawa yetu. Baada ya hapo nakumbuka Isongole, wanawake wa viazi wanatumulika na tochi. Kiwira sikumbuki. Soko la ndizi lote lile, kona, mashimo, sikumbuki hata kimoja. Nilipitaje? Nimebeba watu 29 waliokaa na wanne waliosimama, na mama mmoja mbele kabisa amempakata mtoto. Nilifungua kioo, ile baridi ikanipiga kofi, nikaendesha hivyohivyo mpaka Uyole machozi yanatoka. Abiria wakalalamika baridi. Nikawaambia kioo kibovu.

Ninyi wa mabasi marefu safari ikizidi saa 8 mnapewa dereva wa pili, mnapokezana. Sisi wa ruti fupi kila tripu ni ya saa chache, basi mkaguzi akitazama karatasi anaona dereva amepumzika. Hajumlishi tripu nne.

Haya, sasa Kosta ya pili. Ilikuwa inaendeshwa na yule kijana mrefu wa Igawilo, yule aliyekuwa konda wako miezi ya mwisho, mwenye pengo. Alikuwa dereva safi. Mwanzoni mwa Juni alikataa kutoka kwa sababu breki zilikuwa zinalia chuma kwa chuma. Alimwambia Mama Jumatatu, akaambiwa vumilia mpaka Ijumaa. Jumanne alipeleka gari gereji bila ruhusa, akafungwa pedi mpya kwa pesa ya hesabu. Usiku alipeleka risiti pamoja na pesa pungufu. Mama hakupiga kelele. Alichukua funguo, akampa pole na kazi, akamwambia apumzike. Saa 11 alfajiri deiwaka, dereva wa kushikilia kwa siku, alikuwa ameshawasha gari, na pedi mpya zilezile! Yule deiwaka naye alikimbia baada ya siku nne, hesabu ilimshinda. Ndiyo maana imesimama.

Tulikaa kikao nyuma ya kwa mama ntilie, madereva kama ishirini hivi. Wengine wakasema tulaze magari, yaani tugome. Nikawakumbusha 2015. Wewe ulikuwa unaendesha basi wakati huo, unaijua kuliko mimi. Aprili tarehe 10 mlilaza nchi nzima, Mei mkalaza tena, mnadai mikataba na mnakataa kurudishwa darasani kila leseni ikiisha. Viongozi wakaja, kamati ikaundwa, mkawasha magari. Nikawauliza pale, nani ana mkataba? Mmoja alinyoosha mkono, kumbe alikuwa anaita chai. Tukacheka, kikao kikafa. Ukweli ni kwamba ukilaza gari saa 12, saa 3 deiwaka ana funguo zako, na deiwaka huyo ni mdogo wako wa tumbo moja. Huwezi kumpiga.

Kijana akaenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, peke yake. Aliwahi, maana kama umeachishwa una siku 30 tu za kupeleka malalamiko. Madai mengine ni siku 60. Nilimsindikiza. Nilidhani tutakuta watu wa suti, tukakuta foleni ya walinzi, wahudumu wa baa, dada wa kazi mmoja na begi lake. Mama alikuja siku ya usuluhishi amevaa vizuri, akasema kwa upole kabisa kwamba huyu kijana si mwajiriwa wake, anamkodishia gari tu, naye kijana anamletea pesa ya kukodi. Akasema hajawahi kumlipa dereva yeyote mshahara. Mkataba hakuna, NSSF hakuna, hata kikaratasi.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Msuluhishi alituelewesha kwamba kutokuwa na karatasi siyo mwisho. Ile sheria ya taasisi za kazi, nayo ya 2004, inasema kama umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unachukuliwa kuwa mwajiriwa wake mpaka yeye athibitishe vingine. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tukianza Jumatatu, hizo tunazimaliza Jumatano. Na masharti ya kazi yasipoandikwa, mzigo wa kuyathibitisha ni wa mwajiri, kwa sababu yeye ndiye alipaswa kuyaandika. Nilitoka pale natembea kama nimeokota kitu.

Hawakuelewana, kwa hiyo linaenda kusikilizwa. Kijana ameniomba niwe shahidi na daftari langu, nimekubali. Mke wangu amenuna. Ana haki, ada ya mtoto haijui ushahidi. Mama hajaniambia neno, ila tangu Jumanne anahesabu pesa yangu mara mbili, na jana aliniuliza leseni yangu inaisha lini.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya niandike badala ya kupiga. Daftari langu linaonyesha saa. Halionyeshi mshahara, kwa sababu mimi sijawahi kuupata. Lakini wewe uliupata. Nakumbuka kabisa, 2018 na 2019, kila mwisho wa mwezi alikuwa anakupa 100,000 kando ya posho, na alikuwa anaandika mwenyewe, kwa ile kalamu yake nyekundu ya ualimu, "mshahara", halafu anasaini pembeni na wewe unasaini. Ulikuwa unanionyesha, unajigamba kwamba wewe una mwajiri, sisi tuna matajiri. Lile daftari kubwa jeusi, kona moja imeliwa na panya. Ulipohama ulilitia kwenye begi la viatu, nililibeba mimi mpaka kwenye basi.

Najua ninachokuomba. Ukilitoa hilo daftari, ile Kosta huiendeshi tena, labda na nyingine yoyote ya Mama. Na najua hapo Ipogolo umekaa miezi mitano unasubiri simu ya bosi yeyote. Ukisema hapana sitakununia, nitajua ni njaa imesema. Na ukitaka bado nikuombee gari, nitakuombea, nimeahidi nisikufiche tu.

Kesi ni Alhamisi ya wiki ijayo saa 3 asubuhi. Siku hiyo gari langu atalishika deiwaka, nimeshamwonyesha gia ya pili inavyokwama.

Ukiamua kulituma, usilipeleke stendi, litapotea. Mpe konda wa basi la asubuhi pale Ipogolo, limefungwa kwenye mfuko wa unga, juu uandike jina la mtoto wangu, si langu. Nitasimama Uyole upande wa kituo cha mafuta kuanzia saa 7 mchana.

Naitwa kupakia. Msalimie shemeji, mwambie ule mchele wa Kyela nitautuma na konda huyohuyo wakati anarudi, kilo kumi, uwe umetuma daftari au hukutuma.

Ni mimi, Baba Atu