Sulisuli apigwe picha akiwa majini

Mhariri,

Juma lililopita msomaji mmoja aliandika kwamba wageni wanaokuja Malindi kuvua kwa starehe wanachezea riziki, maana wanamvua sulisuli, samaki yule mwenye mdomo mrefu kama mkuki na pezi la mgongoni kama tanga, halafu wanamrudisha baharini. Mimi ni baharia kwenye boti hizo. Kumrudisha sina ugomvi nako. Nguru, fulusi na jodari hatuwarudishi. Wanaliwa, na toka Mayungu hadi Ngomeni kila mvuvi anajua thamani yao. Sulisuli ndiye anayemvuta mgeni kuja kukodi boti kaskazi ikivuma, Desemba hadi Februari. Akiachwa, huenda kesho akamlipia mwingine safari.

Shaka yangu ni kama anarudi mzima.

Siku hizi mgeni anataka picha amempakata samaki. Basi sulisuli wa kilo 25, aliyevutana na mshipi hadi nguvu zimemwisha, anaburutwa juu ya ukingo na kulazwa kwenye sitaha iliyochomwa na jua. Simu zinatolewa. Mmoja kafumba macho, irudiwe. Shemeji naye hajapigwa. Samaki huyu hupumua kwa mwendo: anapoogelea, maji yanaingia mdomoni na kupita kwenye matamvua. Akitolewa nje, matamvua yanagandamana na pumzi hana, na ule utelezi unaoilinda ngozi yake unabaki mikononi mwa watu. Kisha anatupwa, makofi yanapigwa, boti inaondoka. Anazama kichwa chini, na papa hawako mbali.

Njia ya kufanya vizuri ipo, na manahodha wetu wazee wanaijua. Itumike ndoana ya duara, ambayo kwa kawaida hunasa pembe ya mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Baharia avae glavu, amshike ule mdomo mrefu ubavuni mwa boti, tegi, yaani kialama chenye namba ya kumtambulisha, ichomwe kwenye nyama ya bega chini ya lile pezi la tanga, na nahodha asogeze boti mbele taratibu ili maji yapite kwenye matamvua. Mwili uliopauka utauona unawaka buluu, michirizi inajitokeza, mkia unaanza kupiga. Hapo ndipo unamwachia. Picha ya wakati huo inaishinda ya sitahani, ingawa, niseme kweli, mgeni mwenyewe haonekani sana.

Marekani, upande wa Atlantiki, sheria inakataza kumtoa majini sulisuli unayekusudia kumwachia. Kwenye boti nilizofanyia kazi mimi, ni hiari ya nahodha, na hiari hushindwa na bakshishi. Mgeni akinuna, anayerudi nyumbani mkono mtupu ni baharia. Mwenye boti keshalipwa tangu asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye boti. Kwenye karatasi ya bei, pale mnapoandika saa za safari na chakula cha mchana, ongezeni mstari mmoja: sulisuli wa kuachiwa hapandishwi botini. Mgeni ausome kabla hatujang'oa nanga. Tukishafika kule maji mekundu ya Mto Sabaki yanapokutana na ya buluu, baharia hana ubavu wa kumkatalia mtu aliyelipa.

Baharia,
Shela, Malindi