Fisi-mtu wa Ipuli apimwe kichaa cha mbwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Vijiwe vya kahawa hapa Ng'ambo, Tabora, siku hizi havina mada ila fisi. Eti yuko mmoja anapita usiku upande wa Ipuli, akipigwa jiwe analia kama mtu, na kukicha kuna kikongwe anaonekana anachechemea. Nimekuwa bwana mifugo mkoani humu mpaka nikastaafu. Kisa hicho nimekisikia Urambo, Uyui na Sikonge, kila mahali na kikongwe wake.

Wazungu nao wanacho, ila mnyama wao ni mbwa mwitu. Mwaka 1589, karibu na Cologne huko Ujerumani, mkulima aitwaye Peter Stumpp alikiri kuwa shetani alimpa mkanda, akiuvaa anageuka mbwa mwitu na kula watu. Alikiri mbele ya vyombo vya mateso, nani asingekiri? Wakamuua, na binti yake pia. Mkanda ulitafutwa, haukuonekana. Kwetu, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hasubiriwi hata akiri.

Najua nitatajiwa simba-watu wa jirani zetu Singida, miaka ya 1940. Watu waliuawa kweli, na kesi zikafika mahakamani. Lakini waliopandishwa kizimbani walikuwa binadamu, wakidaiwa kujivika ngozi za simba ili lawama imwangukie mnyama. Hayo ni ya polisi. Mimi nasema ya kwangu, ya mifugo.

Huko Sikonge, msimu wa kukausha tumbaku, kijana aliyekuwa akichochea moto wa bani, lile banda la kukaushia, usiku alivamiwa na fisi, akaumwa mkono. Fisi mzima ukimtupia kijinga cha moto anakimbia. Huyu alikirukia kile kijinga akakitafuna, taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imekwaruza. Wenzake wakammaliza kwa shoka. Kidonda kikawekwa dawa ya majani, kikafunga, watu wakasahau. Miezi miwili hivi baadaye kovu likaanza kumwasha. Usingizi ukapotea. Akiletewa maji koo linakaza, anaruka, povu linamtoka, anakoroma kwa sauti ambayo mama yake mzazi aliikataa. Kijiji kikasema fisi kamwingia. Kijana alikufa, na bibi wa nyumba ya pili akatoroshwa usiku na wanawe kwenda Nzega, kwa sababu fimbo zilikuwa tayari.

Kile kilikuwa kichaa cha mbwa. Kirusi chake husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu, kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, na safari hiyo huchukua wiki au miezi. Kikifika, hakuna tena anayemkumbuka yule mnyama, ndipo anatafutwa mchawi. Sisemi kila hadithi imetokana na ugonjwa huu, maana Stumpp hatusikii kwamba aliumwa na chochote. Ila mnyama asiyeogopa moto wala watu, huyo simwiti jini.

Chanjo ipo tangu 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Karibu wote hufa.

Kwa watendaji wa kata nina ombi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mkiandaa chanjo, kipaza sauti kipite siku mbili kabla, jioni watu wakiwa nyumbani. Mkitangaza asubuhi ileile, mbwa wameshaondoka na wachungaji, na mchanjaji anabaki na boksi lake la barafu chini ya mwembe akichanja paka wa mwenyekiti.

Bwana Mifugo Mstaafu,
Ng'ambo, Tabora