Barua kwa mdogo wangu anayetaka kuifuata rashi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa kutaka kuifuata rashi, kule dhahabu inakoibuka watu wakakimbilia, nimeupata, na ile picha ya Saniniu Laizer nimeiona. Ni kweli, Juni 2020 aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja kikizidi kilo 9, akalipwa Sh bilioni 7.7. Lakini Laizer ni mfugaji mwenye ng'ombe wengi, na pale Mererani alikuwa na leseni yake na vijana wa kumchimbia. Walioyatoa mawe yale shimoni, unamjua hata mmoja kwa jina? Basi nafasi unayoifuata wewe ni ya hao.

Nakuandikia hadharani kwa sababu wanaoambiwa "duara limetema", yaani shimo limetoa dhahabu, ni wengi, na kwa sababu simu zangu siku hizi hupokei.

Nashika daftari la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huku Geita, kwa hiyo viroba vya mawe naviona vikiingia na najua vinaishia kwa nani. Duara likifika kwenye mwamba wenye dhahabu, viroba hugawanywa palepale juu. Mwenye leseni huchukua chake kwanza, mara nyingi karibu asilimia 30, na sururu hajaishika. Mwenye ardhi naye yumo. Kisha zinakatwa gharama za aliyefadhili: chakula, magogo ya matimba ya kuzuia shimo lisiporomoke, mafuta ya jenereta, baruti. Kinachobaki ndicho mwenye duara anagawana na wachimbaji. Na mwamba usipopatikana, mshahara hakuna. Ulikula ugali, yameisha, hata kama ulichimba miezi.

Kiroba chako kikifika kwetu kinasagwa, unaosha mwaloni, pale pa kuoshea mchanga, unatia zebaki, unachoma. (Moshi ule anauvuta kila mtu, hadi mama ntilie wa pembeni na mtoto wake mgongoni. Hakuna anayeujali.) Zebaki kwa kawaida hunasa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine inabaki kwenye mchanga, yale marudio, na marudio mara nyingi ni mali ya mwenye karasha. Anayarundika mpaka yatoshe, anayapeleka plenti, mtambo wa kuchenjulia, yakatiwe sayanaidi, anatoa dhahabu uliyoichimba wewe ukaiacha. Bosi wangu sijawahi kusikia ameshuka duarani. Nyumba zake uliziona ulipokuja.

Niwe mkweli, yapo yaliyotengenezeka. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, Geita ikitangulia, mwenye gramu zake anapimiwa mbele ya macho yake na bei anaijua. Ila gramu zenyewe, mpaka zimfikie aliyechimba, zimeshapita mikono mingi.

Najua utaniletea habari za wale wa Nyangalata, Kahama, waliotolewa hai mwaka 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Huku kila kijana anaisimulia hiyo. Ya Ng'alita, Bariadi, Januari 2024, kifusi kilipoua watu zaidi ya 20, haisimuliwi, na mvua zikianza vijana wanashuka vilevile.

Sikukatazi, umri wa kukatazwa umeshaupita. Ila hiyo hela unayotaka kumpa rafiki yako "mlifadhili duara", kabla hujaitoa muulize: leseni ni ya nani, na mgao mmeuandika wapi? Matimba analipa nani? Marudio yanabaki kwa nani? Akikujibu "tutaelewana mbele ya safari", usimpe hata shilingi.

Na kama shida yako ni kazi, wewe ni fundi wa kuchomelea. Huku makarasha yanakatika vyuma kila mara, na fundi analipwa siku hiyohiyo, dhahabu iwepo isiwepo. Beba mashine yako uje, chumba utalala kwangu mpaka upate chako.

Halafu mama ameniambia hati ya shamba haipo kabatini. Hajakutaja, na mimi sijamwambia kitu. Irudishe kabla hujapanda basi.

Dada yako